Muhtasari wa Siku ya Tatu, Tukuyu

Mvua ilianza kabla ya ajenda.
Tukuyu hakuna anayetangaza mvua;
hutangazwa jua, nalo kwa mashaka.
Mimi Subilaga, karani, niliketi kando ya dirisha
na taipureta ya chama cha kahawa,
iliyokatika herufi moja: R.

Mfalme tulimzika mwezi wa tano.
Hakuna aliyemlilia kwa uongo, wala aliyecheka.
Aliacha kigoda, ng'ombe kumi na wanne,
na nchi tano za milimani
zilizofungwa pamoja kwa shingo yake,
kama mzigo wa kuni kwa ukindu mmoja.
Ukindu umekatika. Ajenda: tunafungaje?

Mwakalukwa wa bondeni akasimama.
"Kila mtu kura moja. Mnataka nini tena?"
Wa bondeni wakapiga meza.
Wa bondeni ni wengi kama migomba yao.

Tweve wa Makete akavua kofia ya sufu,
akaikunja, akaivaa tena.
"Kwetu tukihesabiwa wote, na waliolala makaburini,
hatujazi soko lenu la Jumamosi.
Hiyo kura mnayonipa ni ndoo.
Nzuri. Lakini kamba mmeishika ninyi."

Nikaandika: Mjumbe wa Makete alionyesha wasiwasi.

Bibi Semunyigo wa Iringa akaleta zamu:
miaka mitatu mitatu, kama maji ya mfereji,
huyu afungulie alfajiri, yule jioni.
Ilibaki kidogo ipite.
Kisha mtu akauliza nani aanze,
na hapo tukala saa nne nzima.
"Tufuate alfabeti."
Ya jina lipi? Tulilojiita,
au tuliloandikwa na mkusanya kodi?

Kaguo akataka wajumbe wachaguane wenyewe,
humu humu, kimya kimya.
"Kimya kimya ndivyo tulivyopata wafalme,"
akasema Tumwitike kutoka mlangoni,
birika mkononi, chai inamwagikia kanga.
Hakuwa mjumbe.
Mwenyekiti akaniagiza nisiliandike hilo.
Nimeliandika.

Saa kumi breki za lori zikalia nje.
Akaingia Lugano, mtoto wa marehemu,
matope ya mashamba ya viazi hadi magotini.
Nusu ya ukumbi ikasimama,
miguu haijasikia habari za mwezi wa tano;
kisha waliosimama wakaona haya,
wakajifanya wananyoosha viungo.
Kila jicho likaenda kwenye kigoda.

Yeye hakukitazama.
"Nimeambiwa hapa ndipo pa kuandikisha majina.
Nina miaka arobaini na mmoja, sijapiga kura hata moja.
Baba alisema jina letu halikai ndani ya daftari,
linakaa juu yake.
Nataka likae ndani."

"Uchague, au uchaguliwe?"

"Nichague. Lori lenyewe sijamaliza kulilipia."

Usiku likapita hili:
kura ya wote, lakini mshindi
akubalike katika nchi tatu kati ya tano.
Asipopatikana, turudie.
"Na tukikosa tena?"
"Turudie."
"Na tukikosa tena?" Tweve huyo, kofia mkononi.
Mwenyekiti akatazama mvua kwa muda mrefu.
Hakuna la kuandika hapo, nikaacha mstari.

Kuhusu kigoda hatukuafikiana.
Upepo wa Rungwe ulipofungua mlango mara ya tatu,
Tumwitike alikichukua akaugandamiza nacho,
na mlango ukatulia.

Nilichapa nakala tano.
Kila penye kura ilitoka ku a,
kila penye Rais likatangulia pengo.
Nikayajaza kwa kalamu, moja moja,
kurasa kumi na moja mara tano,
hadi mafuta ya taa yakaniishia.
Nakala ya Makete niliimaliza gizani,
kwa kupapasa.
Kama kuna pengo nililoruka, mlijaze.